Kabla ya Kununua Baiskeli Moja ya Mashindano

(Hii ni hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa vikundi vya kujisaidia waliokutana Nyanchwa. Tumeiandika kama ilivyosemwa, tukipunguza kidogo tu.)

Bwana mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango kama watu wanaotaka kutoroka.

Nimeombwa niseme juu ya barua. Vijana wa chuo wamewaandikia. Wanataka kuanzisha timu ya mbio za baiskeli za barabarani, na wanaomba vikundi viwachangie. Barua yao nimeisoma mara mbili, na imeandikwa vizuri. Wanaomba baiskeli moja ya mashindano, ile nyepesi kabisa, kwa ajili ya kijana mwenzao mmoja ambaye huwaacha wote wakipanda mlima. Wanasema akishinda, jina la chuo litajulikana na wafadhili watakuja. Mama mmoja alinishika mkono hapo nje akaniuliza, "Mwalimu, hiyo ni pesa ya kuku wetu. Tuwape au tusiwape?"

Mama, nakujibu mbele ya watu. Tuwape kitu, lakini si kile walichoomba. Nitawaambia kwa nini.

Sisi Abagusii tunajua mbio za miguu. Naftali Temu wa Nyamira ndiye Mkenya wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki, mbio za mita 10,000, huko Mexico mwaka 1968. Yobes Ondieki ndiye mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27, Oslo, Julai 1993. Kwa hiyo tukisikia neno "mbio" tunafikiria mtu mmoja, mapafu yake na miguu yake. Vijana wameandika barua yao kwa mawazo hayo hayo. Baiskeli haiendi hivyo.

Adui wa mwendesha baiskeli kwenye barabara ya tambarare ni upepo. Si lazima uwe upepo wa mvua inayokuja, hata hewa iliyotulia inakusukuma nyuma ukienda kwa kasi. Na ukiongeza kasi kidogo, hewa inakuzuia zaidi sana. Sasa mwenzako akikaa nyuma yako, gurudumu lake karibu liguse lako, wewe unampasulia hewa. Kwa mwendo wa mashindano, yule wa nyuma anaweza kupunguziwa kazi kwa robo au hata theluthi. Ndiyo maana mnaona kwenye televisheni wanakwenda kama siafu. Wa mbele akichoka anajitoa pembeni, anarudi nyuma kupumzika, mwingine anashika zamu. Akina mama, si huo ni mzunguko? Leo unachangia wewe, kesho unapokea. Asiyetaka kushika zamu anajulikana haraka, na wenzake wana njia zao za kumchosha.

Kijana mmoja mwenye baiskeli nzuri, akiwa peke yake, atapambana na hewa yote yeye mwenyewe. Mkimpeleka kushindana na timu ya watu sita, hao sita watakula zamu, naye atakula upepo. Mtaniambia, "Lakini huku kwetu ni milima." Kweli. Kwenye mlima mkali mwendo unakuwa mdogo, hewa haisumbui sana, na hapo kinachosumbua ni uzito. Baiskeli yetu ya Black Mamba ina kilo kama 20 hivi. Ya mashindano, sheria za dunia zinasema isipungue kilo 6.8, kwa hiyo watengenezaji wanaifikisha karibu na hapo. Ukipanda kutoka mjini kuja hapa Nyanchwa tofauti hiyo utaisikia kwenye magoti. Lakini hakuna mbio zilizo mlima tupu. Kabla ya mlima kuna kilomita nyingi za kufika kwenye mlima, na ukifika umechoka, wepesi wa baiskeli hautakusaidia.

Wacha niwaambie jinsi vyuo vya Marekani vinavyofanya, maana vijana wametaja vyuo hivyo katika barua, ila wametaja vikombe tu. Kule timu nyingi za baiskeli za chuo ni klabu za wanafunzi wenyewe. Wanachagua mwenyekiti na mweka hazina, wanatoa ada, wanaomba msaada kwa duka la baiskeli. Yaani ni kikundi cha kujisaidia kama hiki chenu, tofauti ni kwamba wao huvaa kaptura za kubana. Vyuo vimegawanywa kwa kanda. Msimu unaanza baridi ikielekea kuisha, na wikendi baada ya wikendi wanasafiri kwa gari moja, wanalala sakafuni kwa wenyeji. Chuo kimoja kinaandaa mbio, wikendi nyingine kingine kinaandaa.

Wikendi moja inaweza kuwa na mbio ndefu za barabarani, halafu mbio fupi za kuzunguka mitaa ya mji mara nyingi, na tena mbio za timu kushindana na saa. Hizo za mwisho ndizo ningependa vijana wazifikirie. Timu inaondoka pamoja, kwa kawaida watu wanne, lakini saa haisimami yule wa kwanza anapofika. Inasubiri mwenzao wa nyuma, mara nyingi yule wa tatu. Kwa hiyo aliye na nguvu hawezi kuwakimbia wenzake, hata akitaka. Kazi yake ni kukaa mbele muda mrefu zaidi ili mnyonge asiachwe.

Na kuna jambo lingine. Wanaoanza leo hawashindani na mabingwa. Wamepangwa kwa madaraja, A, B, C na kuendelea, na wasichana wana madaraja yao. Pointi za wote hukusanywa ziwe za chuo. Msichana aliyejifunza mwaka huu, akimaliza vizuri katika daraja la chini, ameleta pointi sawa na mtu aliyefanya kazi. Chuo chenye nyota mmoja kinaweza kushindwa na chuo chenye watu kumi wa kawaida. Katika barua ya vijana wetu sikuona jina la msichana hata mmoja. Nimewauliza, wakacheka. Mwezi wa Septemba 2025, pale Kigali, wasichana wa chini ya miaka 23 walipata kwa mara ya kwanza mbio zao wenyewe za barabarani katika ubingwa wa dunia. Kigali ni hapa jirani. Si jambo la kucheka.

Nimetaja Kigali, basi nimalize habari yake. Hayo yalikuwa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani kufanyika Afrika. Wanaume walienda kilomita 267.5, na milima yake ukiijumlisha inapita mita 5,000 za kupanda. Walioondoka walikuwa zaidi ya 160, waliomaliza ni 30. Aliyeshinda ni Tadej Pogačar wa Slovenia. Wanyarwanda hawakuamka siku moja wakapewa shughuli hiyo. Timu yao ilianza mwaka 2007, chini ya Mmarekani Jonathan Boyer, na katika wale wa kwanza kulikuwa na vijana waliozoea kubeba abiria na mizigo kwa baiskeli. Mmoja wa kundi hilo la kwanza, Adrien Niyonshuti, alifika Olimpiki ya London mwaka 2012. Kutoka 2007 mpaka 2025 ni miaka 18. Vijana wetu wameandika kwamba wafadhili watakuja "baada ya muhula mmoja"!

Na kwetu Kenya yuko David Kinjah wa Kikuyu. Nyumbani kwake kijijini alikusanya watoto, akawafundisha kuendesha na kutengeneza baiskeli, kikundi kinaitwa Safari Simbaz. Mtoto mmoja mzungu aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 aliletwa huko akiwa bado mdogo, akawa anafuata wakubwa kwenye vilima vya Kikuyu. Jina lake Chris Froome. Mwaka 2006 yeye na Kinjah waliendeshea Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Melbourne. Baadaye alihamia upande wa Uingereza na akashinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwaka 2016 baiskeli yake ilivunjika katika ajali kwenye mlima Ventoux, akaanza kuupanda akikimbia kwa miguu, na viatu vya baiskeli mguuni! Mtu angedhani amelelewa Nyamira. Lakini hata bingwa huyo, kila mlima aliovukishwa alikuwa na wenzake mbele wakimvuta mpaka wanaishiwa. Wenzake hao hawakupewa jezi ya njano, ila walijua kazi yao.

Sasa nakuja kwenye jambo linaloninyima usingizi. Ni mteremko.

Nilipokuwa kijana nilishuka mteremko na Black Mamba wakati wa mvua, nikiwa na gunia la ndizi kwenye karia. Breki za fimbo zile hubana ukingo wa gurudumu, na ukingo ukilowa hazishiki. Nilibana, nikabana, baiskeli ikaendelea na safari yake. Niliamua kuingia kwenye mtaro kabla ya kufika kwenye kona. Alama ninayo hapa begani. Ndizi zilipona zaidi yangu. Mnacheka, lakini siku hiyo hakukuwa na pikipiki nyingi, wala matatu kila dakika. Leo barabara ya kwenda Keroka au ya kushuka Rongo mnazijua wenyewe.

Suleiman Kangangi alikuwa mmoja wa waendeshaji bora ambao nchi hii imepata. Mwaka 2017 alikuwa wa tatu katika mbio za kuzunguka Rwanda. Akawa nahodha wa Team Amani, timu yenye lengo la kuwafungulia njia waendeshaji wa Afrika Mashariki. Tarehe 27 Agosti 2022, katika mbio za barabara za vumbi huko Vermont, Marekani, alianguka akafa. Alikuwa na miaka 33. Alikuwa mtu mwenye ujuzi, mwenye baiskeli nzuri na mwenye kofia. Sisemi haya kuwatisha vijana, wala kusema wasiendeshe. Nasema kwa sababu barua yao ina ukurasa mzima wa bei ya baiskeli, na helmeti haikutajwa hata mara moja.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Ile baiskeli moja inaweza kupita bei ya ng'ombe wa gredi. Kwa pesa hiyo tutafute baiskeli za mitumba zenye gia, nne au tano, zinazotoshana ukubwa ili watu waweze kubadilishana. Helmeti ziwe nyingi kuliko baiskeli. Tununue viatu vya breki, nyaya, tyubu, cheni ya akiba na pampu, na fundi mmoja wa mjini alipwe awafundishe kunyoosha gurudumu. Baiskeli ziwe mali ya kikundi, ziandikwe kwenye daftari, nani amechukua na amerudisha zikiwa katika hali gani. Kijana mwenye kasi aanze na hizo hizo. Akiwavuta wenzake msimu mzima, mwaka ujao tutakaa hapa tena tuzungumze juu ya baiskeli nyepesi.

Chakula tusihangaike. Hata wale wa Ulaya huweka ndizi mbivu mfukoni mwa mgongo. Ndizi tunazo, viazi vitamu tunavyo, na uji wa wimbi asubuhi unamtosha mtu kufika mbali. Wale kabla hujasikia njaa, maana njaa ya baiskeli ikikukamata mlimani miguu inakatika ghafla na hairudi.

Mbio nyingi huwekwa Jumamosi, na wengi wetu hapa siku hiyo tuko kanisani. Hilo lisitushinde. Tukiandaa zetu wenyewe tutaziweka Jumapili asubuhi mapema, magari yakiwa machache, na si kabla ya kuzungumza na polisi, maana barabara si yetu peke yetu.

Naona mkono umeinuliwa kule. Ndiyo, mama.

(Mama aliuliza: "Mtoto akivunjika mguu, nani atalipa, kikundi au mzazi?")

Swali hilo ningependa lingekuwa la kwanza katika ile barua. Kila anayepanda awe amejiandikisha SHA na michango yake imelipwa, na karatasi ya kuonyesha hivyo ikae kwa mweka hazina. Asiye nayo hapandi, hata akiwa yule mwenye kasi. Zaidi ya hapo, kikundi kiweke kando pesa kidogo ya gari la kumkimbiza hospitali. Ni kiasi gani, mimi siwezi kuwaamulia. Bwana mwenyekiti, naomba hilo lijadiliwe sasa hivi, vijana wakiwepo, kabla hatujafika kwenye chai.