Kwa nini chanjo moja ya homa ya manjano hudumu maisha yote



Mji wa Shiling, ulioko wilayani Huadu, Guangzhou, kusini mwa China, unajulikana kwa biashara ya mikoba na bidhaa za ngozi, na wafanyabiashara kutoka Afrika ni miongoni mwa wanunuzi wake. Wengi wao husafiri na kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Zamani cheti hicho kilitumika kwa miaka 10 tu. Tangu tarehe 11 Julai mwaka 2016, kwa mujibu wa Kanuni za Afya za Kimataifa, kinatumika maisha yote. Je, sindano moja inawezaje kutoa kinga ya muda mrefu namna hiyo?

Chanjo hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Chembechembe nyeupe za damu ziitwazo seli B huvinasa virusi hivyo, huvimeza, kisha huonesha vipande vyake kwenye utando wao wa nje. Lakini seli B ikiachwa peke yake hutoa kingamwili dhaifu na za muda mfupi. Huihitaji seli T saidizi, ambayo imekwisha kufahamishwa kuhusu adui yuleyule. Seli T ikikitambua kipande hicho, huipa seli B ishara ya kuendelea. Wanaoagiza mikoba watauelewa utaratibu huu: fundi hashoni maelfu kabla mnunuzi hajaithibitisha sampuli.

Baada ya hapo seli B huzaliana kwa wingi ndani ya tezi, na zile zinazomnasa adui vizuri zaidi ndizo zinazochaguliwa. Baadhi huhamia kwenye uboho wa mifupa na kutengeneza kingamwili kwa miaka mingi. Nyingine hubaki zikiihifadhi kumbukumbu ya adui.

Seli T saidizi ndizo zinazopimwa hospitalini kwa jina la CD4, na ndizo zinazoangamizwa na virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo anayeishi na virusi hivyo amweleze daktari mapema kabla ya safari. Chanjo hii haitolewi kwa mtu mzima mwenye CD4 chini ya 200, na kwa wengine kinga inaweza kupungua mapema, hata kama kadi bado ni halali.

Hatari yenyewe si ya kufikirika. Mwaka 2016, watu 11 walirejea China kutoka Angola wakiwa wameambukizwa homa ya manjano. Kadi humwezesha msafiri kupita uwanja wa ndege, lakini kinachomlinda ni ushirikiano wa seli hizo mbili.