Sheikh Kaluta Amri Abedi: Elimu ni Amana ya Watu

Baada ya kusoma Tashahhud, Ta'awudh na Suratul Fatiha:



Mada niliyopewa ni maisha ya marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi. Jina hili Watanzania wengi hulisikia redioni siku za mpira, kwa kuwa uwanja wa michezo wa mjini Arusha umepewa jina lake. Mwulize kijana anayetoka uwanjani humo Sheikh Amri alikuwa nani, huenda akakuambia alikuwa mchezaji wa zamani. Waliosoma fasihi shuleni watasema alikuwa mshairi. Waliosoma historia ya Dar es Salaam watasema alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa mji huo. Nasi katika Jumuiya twamtaja kuwa mbashiri na mwalimu wa dini. Wote hao wamesema kweli, lakini kila mmoja ameshika kipande tu. Leo nataka tumtazame mzima.

Nikiyatazama maisha yake naona kazi moja aliyoifanya kila alipowekwa, nayo ni kuwafahamisha watu. Katika Sura Ibrahim tunafundishwa kwamba Mitume walisema lugha za kaumu zao, na sababu yake inatajwa papo hapo: ili mambo yawe wazi kwa wanaosikia. Mwenye elimu asiyeifikisha kwa watu kwa lugha wanayoielewa amezuia amana isiyo yake. Sheikh Amri aliishi kwa kanuni hiyo.

KUZALIWA NA MASOMO

Alizaliwa mwaka 1924 Ujiji, Kigoma, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Ujiji ni mji wa kale. Njia ya misafara iliyotoka pwani ilifika huko, na kwa njia hiyo Kiswahili na Uislamu viliingia kabla ya serikali ya wakoloni. Basi msimfikirie kuwa mtu wa Lamu, Mombasa au Unguja aliyelelewa katika nyumba za malenga. Alikuwa mtoto wa bara, na jambo hilo lina maana kubwa katika yale nitakayoyasema mbele.

Alisoma Ujiji, kisha akaendelea Tabora. Huko Tabora ndiko alikokutana na mafundisho ya Ahmadiyya kupitia kwa Sheikh Mubarak Ahmad, mbashiri aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1934. Kujiunga na Jumuiya siku zile hakukuwa jambo jepesi, kwa maana upinzani wa Tabora ulikuwa mkali. Katikati ya miaka ya 1950 alikwenda Rabwah, Pakistan, yalikokuwa makao makuu ya Jumuiya, akasoma elimu ya dini katika zama za Khalifatul Masih wa Pili r.a., kisha akarudi nyumbani kuitumikia dini akiwa mbashiri.

KURANI TUKUFU KWA KISWAHILI

Kabla ya safari hiyo alikwisha shiriki katika kazi kubwa, nayo ni tafsiri ya Kurani Tukufu kwa Kiswahili iliyochapishwa Nairobi mwaka 1953. Kiongozi wa kazi ile alikuwa Sheikh Mubarak Ahmad, na Sheikh Amri alikuwa miongoni mwa wasaidizi wake, akiisaidia kwa ujuzi wake wa lugha.

Ili tuipime kazi ile, tukumbuke hali ilivyokuwa. Tafsiri nzima ya Kurani kwa Kiswahili iliyotangulia ilitolewa mwaka 1923 na Kasisi Godfrey Dale wa misheni ya Kianglikana. Maana yake ni kwamba kwa miaka 30 Mwislamu wa Afrika Mashariki aliyetaka kusoma maana ya Kitabu chake chote kwa lugha yake hakuwa na nakala iliyochapishwa ila ya padri. Watu walihifadhi, walihitimu, walisoma khitma mazishini, lakini wengi wao hawakujua walichokuwa wakikisoma.

Tafsiri ya mwaka 1953 ilipotoka, masheikh wengi waliikataa. Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Zanzibar, mwanachuoni mkubwa, aliipinga kwa kalamu, na mwaka 1969 tafsiri yake mwenyewe ikachapishwa ikiwa kamili. Sisi hatuoni vibaya kulitaja hilo. Tulihitilafiana naye katika mambo mazito, na hitilafu hizo zipo hadi leo. Hata hivyo, mvuvi na mkulima waliokuwa hawana tafsiri ya Mwislamu hata moja sasa walikuwa na mbili za kulinganisha. Hapo aliyefaidika ni msomaji.

SHERIA ZA MASHAIRI

Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kama jina linavyoonyesha, kina sehemu mbili: kwanza kanuni za utungaji, kisha mashairi yake mwenyewe.

Huenda mtu akauliza, mbashiri ana haja gani na vina na mizani? Jibu ni lile lile la kufahamisha. Kabla ya hapo ujuzi wa kutunga ulikaa vifuani mwa malenga wa pwani. Mwana aliupata kwa baba yake, au kwa kukaa barazani miaka mingi akisikiliza. Aliyezaliwa mbali na baraza hizo aliweza kulisikia shairi na kulipenda, lakini asijue limejengwa vipi. Sheikh Amri, mtoto wa Ujiji, aliijua shida hiyo. Akaweka kanuni kwenye karatasi: mizani ni hesabu ya silabi, vina ni mlingano wa sauti za mwisho wa vipande, na shairi lililozoeleka lina mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane kila upande. Alishikilia pia kwamba shairi ni kitu cha kuimbwa. Tangu hapo kijana wa Sumbawanga au wa Bukoba aliweza kujifunza yale ambayo zamani yalirithiwa.

Miaka ya 1970, washairi wa kizazi kipya, Euphrase Kezilahabi akiwa mmoja wao, walipoanza kuchapisha mashairi yasiyofuata vina wala mizani, mabishano makubwa yalizuka. Waliotetea mapokeo walikishika kitabu cha Amri. Waliotaka mabadiliko nao walilazimika kukijibu.

Ndugu zangu, Sura Ash-Shu'araa inawalaumu washairi wasemao wasiyoyatenda, kisha inawatenga na lawama hiyo wale walioamini na kutenda mema. Mshairi Mwislamu basi hupimwa kwa matendo yake. Tumtazame Sheikh Amri alipokabidhiwa madaraka, maana madaraka humfichua mtu.

KATIKA UONGOZI WA NCHI

Mwaka 1960, nchi ikiwa inaelekea kwenye Uhuru, alikuwa Meya wa Dar es Salaam, Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho. Mji ule ulikuwa na Waafrika, Wahindi, Waarabu na Wazungu, Waislamu, Wakristo na Mabaniani. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria wa Tanganyika, na mwaka 1964 akawa Waziri wa Maendeleo ya Jamii na Utamaduni wa Taifa.

Tulizingatie jambo moja. Mtu huyu alikuwa Mwahmadiyya asiyeificha imani yake. Waislamu wengi walimhesabu kuwa mpotofu, na Wakristo walimjua kuwa mhubiri wa Kiislamu. Angetegemea kura za watu wa itikadi yake peke yao, asingefika popote, maana tulikuwa wachache mno. Alichokuwa nacho ni kwamba watu walimfahamu aliposema, na alipewa kazi za watu wote. Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchungaji na ataulizwa juu ya alichokichunga. Waziri wa Sheria hachungi Waahmadiyya tu.

Miaka hiyo ndiyo mahakama za nchi zilipopangwa upya. Wakoloni walikuwa wameacha mahakama za wenyeji upande mmoja na mahakama nyingine upande wa pili. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ilifuta utengano huo, ikaweka Mahakama za Mwanzo, za Wilaya, na juu yake Mahakama Kuu. Katika Mahakama za Mwanzo Kiswahili ndicho kilichotumika. Lakini huko juu sheria ziliendelea kuandikwa na hukumu kutolewa kwa Kiingereza. Sheikh Amri alihimiza kwamba sheria nazo zipate maneno yake ya Kiswahili. Mtu aliyekwisha ona Kurani Tukufu ikielezwa kwa Kiswahili asingekubali kwamba lugha hiyo haitoshi kueleza sheria ya wizi wa ng'ombe.

Tafakarini hali ya mkulima aliyesimama kizimbani, hukumu inasomwa kwa lugha asiyoijua, naye anamtazama karani usoni apate kujua kama amefungwa au ameachiwa. Huyo ametendewa haki gani, hata kama hukumu yenyewe ni sahihi?

Sheikh Amri hakuyaona matunda ya fikra hiyo. Alifariki dunia tarehe 9 Oktoba 1964 mjini Bonn, Ujerumani Magharibi, akiwa na umri wa miaka 40. Inna lillahi wa inna ilaihi raji'un. Ilipofika mwaka 2021, Bunge la Tanzania lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Ilikuwa imepita miaka 57 tangu kufa kwake.

SISI TUFANYE NINI?

Ndugu zangu, kumsifu marehemu ni rahisi, na sifa zetu hazimwongezei kitu. Swali ni kama tunaifanya kazi yake.

Katika misikiti yetu wapo watoto wanaosoma Kurani Tukufu kwa matamshi mazuri sana. Alhamdulillahi. Lakini mwiteni mmoja wao, mwulizeni maana ya Suratul Fatiha anayoisoma katika kila rakaa. Wengi watanyamaza. Tafsiri iko rafuni, imeota vumbi, na wazee wetu walitukanwa kwa ajili yake. Kila jamaat iwe na darasa la maana, japo la aya tatu kila baada ya Magharibi. Msingoje mbashiri aje. Mzazi ajuaye kusoma anatosha kuanza.

Kwa vijana wenye kupenda uongozi nasema hivi. Wapo wanaosema siasa ni uchafu, mcha Mungu akae mbali nayo. Wapo wengine wanaoitaka kama mtu atakavyo fungu lake la nyama. Sheikh Amri hakuwa wa kundi la kwanza wala la pili. Ukichaguliwa kuwa mjumbe wa mtaa au diwani, jambo la kwanza watu wanalokudai ni maelezo: fedha ya mradi imetoka wapi, imekwenda wapi, barua ya serikali inasema nini. Kiongozi anayewaficha watu karatasi za mambo yao amekhini amana, hata akiswali safu ya mbele.

Na ninyi walimu wa shule na madrasa, msidhani kazi yenu ni ndogo. Aliyekuwa Waziri wa Sheria alianza kwa kufundisha dini na kuhesabu mizani.

Alipewa miaka 40 tu, naye hakuingoja nafasi bora zaidi. Wengi wetu humu tumekwisha upita umri huo. Tumwombe Mwenyezi Mungu amlaze marehemu mahali pema, amwinue daraja kwa kila aya aliyoisaidia kufahamika, na atujaalie nasi elimu yenye manufaa na ndimi za kuifikisha. Amin.