AKAUNTI YAKO, JINA LAKO: Maneno ya Mhazini wa Tawi kwa wanafunzi wapya

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI, UINGEREZA*

Kwa kuwa wengi hawakuweza kufika kikaoni Jumamosi, haya hapa maneno ya Mhazini kama alivyoyatoa. Tafadhali soma hadi mwisho.



Nimepewa dakika chache kuzungumzia akaunti ya benki. Naanza na jambo ambalo sisi wenyeji tumelizoea, na leo naomba tuliache.

Kila Septemba ni yale yale. Mwanafunzi anafika, hana akaunti, na mzazi yuko Mbeya au Tanga anataka kutuma kodi ya chumba. Kaka mmoja wa tawi anasema, "Tumia ya kwangu, ukipata yako nitakuhamishia." Ni moyo mzuri, ndivyo tulivyolelewa. Mimi pia nilipokelewa hivyo. Hela ya kodi yangu iliingia kwenye akaunti ya mwenzangu, benki ikaona fedha za nje zisizo na maelezo, ikaizuia akaunti. Wiki tano. Mimi nikakosa kodi, yeye akakosa hata nauli ya kwenda kazini. Hakuna aliyeiba, lakini urafiki wetu haukurudi kama zamani.

Na hiyo ilikuwa fedha safi. Wapo matapeli wanaowawinda wanafunzi wageni: "Pokea pauni 2,000, baki na 200, nyingine tuma huku." Au, "Unarudi nyumbani? Niuzie kadi yako." Fedha hiyo kuna mtu ameibiwa, na anayeonekana ni mwenye akaunti. Akaunti hufungwa. Jina linaweza kuingizwa kwenye kanzidata ya Cifas, ambayo mabenki huiangalia, likakaa humo miaka 6. Adhabu ya juu ya kutakatisha fedha, kwa sheria ya mwaka 2002, ni kifungo cha miaka 14. Ukitiwa hatiani, viza nayo iko mashakani. "Sikujua" ni utetezi dhaifu sana mbele ya polisi.

Njia ya halali haina maajabu:

*1. Barua ya chuo.* Kamilisha usajili, kisha omba chuo barua ya benki. Hakikisha ina jina kama lilivyo kwenye pasipoti, anwani yako ya hapa na ya nyumbani. Vyuo vingi hutaka utaje benki unayokwenda, hivyo chagua kwanza. Usiandike anwani ya rafiki. Kadi na namba ya siri vitatumwa huko.

*2. Pasipoti na viza.* Viza sasa ni ya mtandaoni, yaani eVisa. Hakikisha imeunganishwa na pasipoti unayotumia. Ukihitaji kuithibitisha, unatoa namba maalumu kwenye tovuti ya serikali, nayo inatumika kwa siku 90.

*3. Ukikataliwa.* Usigombane dirishani. Uliza sababu. Mara nyingi ni anwani au herufi moja ya jina. Kisha omba akaunti ya msingi. Kwa kanuni za mwaka 2015, mabenki makubwa yaliyoteuliwa yanatakiwa kuitoa kwa mkazi halali asiye na akaunti nyingine ya aina hiyo nchini. Haina mkopo, lakini ina kadi na inapokea fedha. Usiporidhika, lalamika kwa maandishi. Benki ina wiki 8 za kujibu, na baada ya hapo unakwenda Financial Ombudsman Service bila malipo.

*4. Wakati unasubiri.* Tumia kadi ya benki ya nyumbani inayokubalika kimataifa. Ada, na kodi kama unakaa hosteli ya chuo, mzazi alipe moja kwa moja chuoni.

Sasa upande wetu wenyeji. Kamati imekubali kila mgeni apate mwenyeji mmoja wa kumsaidia kukagua karatasi zake na kumsindikiza benki. Tutaazima muda wetu, hatutaazima akaunti. Mwenye fedha za mwenzake kwenye akaunti yake leo, aniandikie faragha tupange namna ya kuzihamisha. Hatutafuti wa kumlaumu.

Nanyi mnaomaliza masomo: fungeni akaunti kabla ya kupanda ndege. Kadi msimwachie mtu, hata awe ndugu.

Mdogo wangu, usione aibu kusema huna akaunti. Sote tulifika hivyo. Aibu ni sisi kukuona unahangaika tukakupa njia ya mkato itakayokuumiza.



_Mhazini wa Tawi_