Kabla ya Kulipa: Maneno kwa Wanunuzi wa Maduka, Nyumba na Viwanja, Bukoba na Muleba



Miongoni mwenu wamo wastaafu wenye kiinua mgongo, wamo wavuvi na wakulima wa kahawa waliodunduliza kwa miaka mingi, na wamo watoto wa mkoa huu waishio mbali wanaotaka nyumba ya kupangisha mjini Bukoba. Wengi wenu mtafanya ununuzi wa namna hii mara moja tu maishani. Kwa hiyo leo sitazungumzia faida. Nitawaomba mzoee kuuliza swali moja kabla ya kulipa: mbali na huyu anayeniuzia, nani mwingine ana haki juu ya kitu hiki?

Swali hili lina historia hapa kwetu. Mwezi Agosti 1988, wilayani Muleba, mama mmaja aitwaye Holaria Pastory aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Bei ilikuwa shilingi 300,000, na mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo. Siku iliyofuata, mpwa wake, Bernardo Ephraim, alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo Kashasha, akidai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama hiyo ilikubaliana naye. Mahakama ya Wilaya ikatengua uamuzi huo. Mwezi Februari 1990, Mahakama Kuu Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ilitamka kwamba mila hiyo inapingana na usawa uliomo katika Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawasawa na mwanamume.

Hukumu hiyo hukumbukwa kwa heshima iliyowapa wanawake, na ni haki ikumbukwe hivyo. Lakini itazameni pia kwa jicho la mnunuzi. Alilipa fedha yake, kisha kwa mwaka mmoja na nusu hakujua kama shamba ni lake. Hata mwishoni mahakama iliacha wazi nafasi ya ukoo kuikomboa ardhi hiyo kwa kumrudishia bei. Mtu aweza kununua kwa nia njema, kwa muuzaji mwenye haki, na bado akajikuta mahakamani kwa sababu wenye sauti hawakuulizwa mapema.

Basi, ukitaka kibanja, iwe Kimwani, Kamachumu au kwingineko, usiridhike na neno la dalali. Keti na wazee wa ukoo na majirani wa mipaka, na upite katika Halmashauri ya Kijiji, kwa kuwa ardhi ya kijiji husimamiwa nayo chini ya Sheria Na. 5 ya 1999. Ikiwa ni mali ya marehemu, muuzaji awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wote wajue. Ikiwa ni nyumba waishimo mume na mke, Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mmoja kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo ipate kuandikwa na kutiwa saini.

Kwa kiwanja chenye hati, omba upekuzi rasmi katika Ofisi ya Msajili wa Hati. Utaonyeshwa jina la mmiliki, rehani ya benki kama ipo, na zuio lolote lililowekwa. Nakala ya hati iliyo mkononi mwa muuzaji haitoshi, wala mhuri wa ofisi ya mtaa si ushahidi wa umiliki. Uliza miaka iliyobaki katika hati, na risiti za kodi ya pango la ardhi.

Mahali penyewe pia pana la kusema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kiwanja cha bei nafuu karibu na Mto Kanoni au ufukweni kina sababu ya kuwa nafuu. Na tangu tetemeko la Septemba 10, 2016, kila nyumba ya zamani Bukoba yafaa kukaguliwa na fundi wako, si wa muuzaji, kwani lipu mpya na rangi nzuri hufunika nyufa.

Duka nalo lina wenyewe wengi. Ukinunua hisa za kampuni, unaipokea pamoja na madeni yake ya kodi, ya benki na ya wafanyakazi. Kwa hiyo pata taarifa zake BRELA, na umtake muuzaji alete uthibitisho wa TRA. Ukinunua bidhaa na jina la biashara tu, yaandikeni hayo wazi katika mkataba, kisha ujitafutie leseni kwa jina lako. Wengi huumia kwenye fremu: mnunuzi humlipa mpangaji kilemba kikubwa, kisha mwenye nyumba husema hamfahamu. Zungumza na mwenye nyumba kwanza, upate mkataba wake kwa maandishi.

Yote hayo yakikamilika, mkataba uandikwe na wakili, mashahidi wa pande zote wawepo, na fedha ipite benki ili ibaki na alama. Ukiambiwa kuna mteja mwingine anayekuja jioni na fedha taslimu, mwache aje. Muuzaji mwenye haki hachukizwi na maswali, na anayeyakimbia amekwisha kukujibu.