Upande wa Mwenye Baiskeli
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka)



Nashukuru kupewa nafasi ya kusema juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo, yaani upande wa barabara umpasao mwenye baiskeli. Sheria ya Kenya haina kificho: vyombo hupita kushoto, na baiskeli ni chombo. Hata hivyo, siku yo yote ya soko la Karatina mtawaona vijana wetu, wamefunga magunia ya kabichi nyuma, wakija kwa upande wa kulia na kuyakabili magari uso kwa uso.

Ukiwauliza sababu, watakujibu kwamba wataka kuliona gari kabla halijawafikia. Jawabu hilo si la ujinga. Ni sisi tuliowafundisha. Walipokuwa wadogo tuliwaambia watembee kulia ili wayaone magari yajayo, na kwa mwenda kwa miguu, mahali pasipo njia ya pembeni, mafundisho hayo ni sawa kabisa. Kosa ni kuyapandisha juu ya baiskeli. Mtu wa miguu aweza kuingia majanini kwa hatua moja. Mwenye baiskeli na gunia hawezi. Tena fikirini hesabu. Motokaa yenda kilometa 60 kwa saa, baiskeli 15. Zikifuatana, motokaa huikaribia baiskeli kwa mwendo wa 45 tu, na dereva hupata nafasi ya kupunguza. Zikikabiliana, ni 75. Naye dereva atokaye njia ndogo akitaka kukunja kushoto hutazama zaidi kulia kwake, ndiko magari yatokako. Hamtazamii mtu wa kutokea kushoto.

Mimi nami nilikuwa katika wakosaji hao. Siku moja, nikiteremka kwa kasi kuelekea mto Chania kwa upande usio wangu, nilikutana penye kona na mzee aliyekuwa akipanda polepole upande wake wa haki, na debe la maziwa nyuma. Ili anikwepe ilimbidi aingie katikati ya barabara, na nyuma yake palikuwa na lori. Dereva alifunga breki, likasimama karibu kabisa na gurudumu lake. Mzee alianguka, maziwa yakamwagika yote. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mimi ningepita wapi?" Maziwa nilimlipa mwisho wa mwezi.

Wako wasemao kwamba kushoto ni desturi ya kuletwa tu. Kweli, upande wenyewe ni mapatano. Barabara hii yetu ipitayo Nanyuki na Isiolo hufika Moyale, na ng'ambo ya mpaka Waethiopia hupita kulia, tangu walipobadili mwaka 1964. Watu wa Uswidi nao walibadili mwaka 1967. Lakini walihama wote kwa siku moja, si kila mtu kwa hiari yake.

Wazee wangu, neno lenu nyumbani husikiwa kuliko la askari wa barabarani. Nawaomba mwambieni kijana mambo mawili mbalimbali: akitembea, kulia, akipanda baiskeli, kushoto, hata kama aenda dukani tu. Baada ya chai nitakuwa uani na baiskeli yangu, kwa mwenye kutaka vijana wake waonyeshwe namna ya kukunja kulia, maana hapo ndipo penye ugumu.