Chujio la Petroli Katika Pikipiki

Sisi waendesha pikipiki wa hapa kijijini tumeombwa tuseme machache. Leo tutazungumza juu ya chujio la petroli.

Mnakumbuka usiku ule tulipompeleka mama mjamzito zahanati. Njiani pikipiki ilikohoa, ikazima. Sisi tunasukuma, mama anatembea na uchungu wake. Tunashukuru alijifungua salama.

Asubuhi tulifungua kabureta. Tulikuta nini? Mchanga na kutu! Petroli ya chupa huingia vumbi, na tangi la zamani hutoa kutu. Vitundu vya kabureta ni vidogo sana. Punje moja yatosha kuviziba.

Dawa yake ni chujio dogo la plastiki. Nunua linaloingia sawasawa kwenye mpira wa petroli wa pikipiki yako. Halafu fanya hivi:

1. Zima injini, ngoja ipoe. Fanya kazi nje, mchana. Sigara na moto viwe mbali.

2. Funga koki ya tangi. Weka kopo chini, kisha chomoa mpira upande wa kabureta.

3. Kata mpira kwa wembe, mahali ambapo chujio halitagusa injini wala bomba la moshi. Punguza kipande kidogo ili chujio lipate nafasi.

4. Ingiza chujio. Mshale wake uelekee kwenye kabureta. Kaza vibanio pande zote mbili.

5. Rudisha mpira kwenye kabureta. Usijikunje wala usipande juu, maana petroli hushuka yenyewe kama maji ya mfereji.

6. Fungua koki. Angalia kama petroli inavuja. Ikivuja, usiwashe! Funga koki, ukaze tena.

Jamani, angalieni mambo mawili. Kwanza, pikipiki isiyo na kabureta hutumia pampu yenye nguvu. Usiifunge chujio hili, petroli itaruka nje. Pili, chujio huzuia uchafu, halizuii maji. Kwa hiyo tangi lifunikwe vizuri wakati wa mvua.

Chujio likijaa uchafu, weka jipya. Bei yake ni ndogo. Siku nyingine atakayepanda nyuma usiku ni mkeo, au dada yako. Basi tusingoje mpaka izime. Kinga ni bora kuliko tiba.