UJIRA WA MTU NI AMANA

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja mwenye duka mbele ya mkutano wa tawi, baada ya sala ya alasiri. Tumeichapa kama alivyoisoma.)



Twaomba radhi, kwani sisi si watu wa mimbari. Sisi ni watu wa mizani. Elimu yetu ni ile ya chuoni, kwa mwalimu na bakora yake, na iliyobaki tumeisoma nyuma ya meza ya duka. Lakini Bwana Mwenyekiti ametutaka tuseme khabari ya mishahara isiyolipwa, na katika jambo hili twadhani mwenye duka anayo ya kusema. Kwani mtu asipolipwa mshahara wake, wa kwanza kujua ni mkewe, na wa pili ni mwenye duka anayemkopesha.

Tunalo daftari la madeni, na kila nyumba ina ukurasa wake. Mwezi ukiwa salama, mwenyewe huja tarehe za mwanzo, akalipa, tukapiga mstari, tukaanza upya. Mwezi wa dhulma una maandishi yake mengine. Mchele wa kilo mbili huwa wa kilo moja, kisha wa nusu. Maziwa ya mtoto huondoka katika ukurasa. Sukari huanza kununuliwa kwa vifuko vidogo vya shilingi chache. Mwisho hapaandikwi kitu tena, kwa kuwa mwenyewe hapiti mbele ya duka, huzunguka kwa nyuma ya msikiti ili tusionane. Mtu huyo si mwizi. Anaona haya, na haya hizo si zake. Ni za aliyemnyima haki yake.

Yuko baba mmoja katika mtaa wetu, mpishi katika hoteli ya pwani. Hoteli hatutaitaja, na yeye hatutamtaja. Mwezi wa kwanza aliambiwa wageni ni wachache. Mwezi wa pili akaambiwa fedha zimekwama benki. Mwezi wa tatu akaambiwa tajiri amesafiri. Na wageni sisi twawaona kwa macho yetu, magari yao yapita mbele ya duka letu tangu alfajiri! Mwezi wa nne akaitwa, akapewa mshahara wa mwezi mmoja, na pamoja nao karatasi ya kutia saini kuwa amepokea haki zake zote wala hadai kitu. Akasema, “Bwana, mimi nadai miezi mitatu mingine.” Akajibiwa, “Tia saini uchukue hizi, au usitie saini ukose zote.” Akatia saini. Binti yake alikuwa katika darasa la mtihani, na skuli iko mjini. Wiki mbili alikaa nyumbani kwa kukosa nauli ya daladala. Hayo tumeyajua kwa kuwa alikuja mwenyewe binti, jioni, kutuuliza kama dukani kuna kazi ya kufagia.

Ndugu zetu, dhulma hii ina milango mingi, na yafaa tuijue yote.

Uko mlango wa majaribio. Kijana huajiriwa kwa miezi ya kujaribiwa, kwa ujira mdogo, na miezi hiyo ikikaribia kwisha huambiwa hakufaa, akaletwa mwingine ajaribiwe. Kazi haikatiki hata siku moja, bali mfanyakazi wa kudumu hapatikani.

Uko mlango wa makato. Bilauri imevunjika, katwa. Shuka lina doa, katwa. Mgeni kaondoka bila ya kulipa, mtumishi akatwe. Mwisho wa mwezi mtu hupokea bahasha nyepesi na hesabu asiyoweza kuisoma.

Uko mlango wa mfuko wa hifadhi ya jamii. Mfuko wetu wa Zanzibar uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1998, ili mtu akizeeka asiombe. Mwajiri mwaminifu hukata fungu la mfanyakazi, akatia na lake, akapeleka. Asiyekuwa mwaminifu hukata, kisha hapeleki. Huyu ni mwizi wa mara mbili, kwani amemwibia mtu ujana wake na uzee wake.

Uko mlango wa wakala. Hoteli humlipa wakala kwa ajili ya mlinzi au mfagiaji, na wakala humpa mlinzi kilichobaki baada ya kujikatia lake. Jambo hili si geni katika visiwa hivi. Neno letu “kibarua” limetokana na barua, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku ili akionyeshe apate ujira wake. Na katika zama za utumwa walikuwapo watumwa waliokodishwa mjini na bandarini, wakafanya kazi kwa watu wengine, na jioni sehemu ya ujira ikaenda kwa bwana aliyekaa barazani kwake. Hukumu ya utumwa ilifutwa hapa Unguja na Pemba kwa amri ya tarehe 6 Aprili, 1897. Basi twauliza: ikiwa mmoja atoa jasho na mwingine akata fungu bila ya kuinua hata ufagio, tofauti iko wapi?

Uko mlango wa kikaratasi cha dukani, na huu twaujua vizuri, kwani sisi wenyewe tuliletewa. Alikuja mtu mwenye mafundi na vibarua wa ujenzi, akasema, “Mimi nitawaandikia watu wangu vikaratasi, waje wachukue unga na mafuta kwako. Wewe ongeza bei kidogo, tutagawana.” Twakiri mbele yenu kwamba tulilala na shauri hilo usiku mmoja. Biashara ilikuwa mbaya, na shetani si mgeni madukani. Asubuhi tulikataa. Baadaye tukajua kuwa hila hii ni kongwe. Huko Uingereza kwenyewe sheria ya kuzuia kulipa mishahara kwa bidhaa ilitungwa mwaka 1831, na Mkataba Nambari 95 wa Shirika la Kazi la Dunia, wa mwaka 1949, umekataza mishahara ya vikaratasi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizouridhia.

Na uko mlango wa kipimo. Wenzetu wa Pemba wanaujua. Mchumaji hushinda juu ya mkarafuu, tawi ni jembamba na ardhi iko mbali. Jioni hukaa na watoto wake kuchambua makonyo, kisha huja kupimiwa kwa pishi. Pishi ni vibaba vinne, na kibaba kina namna mbili, cha tele na cha mfuto. Mwenye shamba dhalimu hupokea cha tele na hulipa cha mfuto. Kichungu kile kidogo kilichosimama juu ya kipimo huonekana si kitu, lakini kwa msimu mzima ni nguo za Idi za watoto watatu. Nyote mmesoma Suratul Mutaffifin, nanyi mnajua ole umewekwa juu ya nani: ni juu ya wanaojitimizia wapimiwapo, na wakawapunja watu wanapowapimia wao.

Hatuwezi kuwasahau mabinti zetu wanaokwenda Oman na nchi za Ghuba kutumika majumbani. Uhusiano wetu na watu wa huko ni wa damu na wa dini, na wako wengi wanaowatendea wema watumishi wao. Lakini mwaka 1917 si huu, wala hatuishi tena katika zama za kutokuwa na khabari. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Tanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu, na ndani yake wamo walioeleza kunyang'anywa pasi zao, kufanyishwa kazi bila ya mapumziko, na kupunjwa au kunyimwa mishahara yao. Udugu wa dini haumhalalishii mtu jasho la ndugu yake.

Sasa tusikilize na udhuru wa waajiri, kwani insafu yataka hivyo. Husema, “Biashara imekuwa mbaya.” Yawezekana ni kweli. Mvua za masika huja, wageni hupungua, na sisi pia twaijua mwezi wa njaa. Lakini sharia ya biashara tuliyosomeshwa chuoni ni hii: hata katika mudharaba, ambapo mmoja hutoa mali na mwingine hutoa kazi wakagawana faida, mali ikipotea bila ya uzembe hasara ya mali humwangukia mwenye mali. Huyo ni mshirika. Seuze mtu wa mshahara, asiyekuwa na fungu katika faida? Mwaka wa neema haitwi kugawiwa, basi vipi mwaka wa dhiki aitwe kubeba hasara? Mwenye hoteli aliyekosa fedha na akope benki kama tunavyokopa sisi. Asikope kwa mpishi wake bila ya kumwomba.

Na dini yetu haikuliacha jambo hili katika giza. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza kuwa mtu wa kazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Na tumepokea kuwa miongoni mwa watatu ambao Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, mmoja ni yule aliyemwajiri mtu, akamaliza naye kazi, asimpe ujira wake. Tazameni ametiwa safu moja na nani: na aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Na Nabii Musa alipokimbilia Madyan, mzee yule aliyemwajiri alimtajia muda mbele, miaka minane, na kumi kama akipenda, tena akamwambia kuwa hataki kumtaabisha. Huo ndio mkataba: muda wajulikana, sharti lajulikana, na roho ya mwajiri ni safi.

Bwana Mwenyekiti, mtu akinyosha kidole na ajitazame. Mwaka jana hamali mmoja alituletea magunia ya mchele kutoka mjini kwa gari lake la kusukuma, na jua lilikuwa kali. Tulimwambia, “Rudi kesho, hatuna chenji.” Kesho tukamwambia tena. Siku ya tatu hakuja. Nyumbani kwetu tukaulizwa, “Yule mzee wa gari mlimlipa?” Tukanyamaza. Ilitupasa kumtafuta siku nzima, tukamkuta Darajani, naye akapokea fedha zake bila ya kusema neno. Kunyamaza kwake kulituuma kuliko matusi. Dhulma haianzi katika hoteli kubwa. Huanzia katika “njoo kesho” ya mtu kama sisi.

Basi tufanye nini? Wazee wetu wametuachia mfano. Mwezi wa Agosti 1948 makuli wa bandari hapa Unguja waligoma kwa ujira mdogo na maisha ghali ya baada ya vita, na mgomo ukaenea mjini hata Septemba. Mwaka wa kabla yake, 1947, waligoma wenzao wa Mombasa, kisha wa Dar es Salaam. Watu wale wengi wao hawakujua kusoma. Walichokijua ni kuwa mmoja akienda peke yake kwa tajiri huambiwa njoo kesho, na mia wakienda pamoja huwekewa viti.

Kwa hivyo, kwanza, kila mfanyakazi na awe na daftari lake: siku aliyoingia, siku alizofanya kazi, alichoahidiwa, alichopokea. Asiyejua kuandika na aje dukani kwetu, tutamwandikia bila ya malipo. Pili, mtu asitie saini karatasi asiyoisoma, wala ya fedha asizozipokea. Na akilazimishwa, na awaambie mashahidi siku hiyo hiyo. Tatu, wafanyakazi na waende pamoja katika vyama vyao, na vyama visiwe vya kukusanya ada tu. Nne, sisi wenye maduka tukatae vikaratasi vya dhulma, na tajiri anayewapunja watu wake tusimpe heshima ya kukaa naye barazani kama kwamba hatukujua.

Na Serikali nayo twaiambia wazi. Sheria ya Ajira Nambari 11 ya 2005 ipo, na Sheria ya Mahusiano Kazini Nambari 1 ya mwaka huo huo ipo. Sheria iliyofungiwa kabatini ni dawa iliyofungiwa chupani. Mgonjwa haponi kwa kuitazama. Wakaguzi na waingie makazini bila ya kutoa khabari mbele, wazungumze na wapishi jikoni, si na meneja penye kahawa. Ikiwa mkandarasi wa Serikali hucheleweshewa fedha zake, basi ijulikane kuwa kibarua wa mwisho ndiye anayelala na njaa. Na mtu anayedai mshahara wa miezi mitatu asizungushwe mwaka mzima, kwani nauli ya kwenda kudai nayo ni fedha.

Mwisho, Bwana Mwenyekiti, mtuwie radhi kwa neno hili. Vijana waliobeba viti hivi tulivyokalia, leo na katika mkutano uliopita, hawajalipwa. Tumewauliza wenyewe kabla ya kusimama hapa. Chama kinachotaka kuwasimamia wanyonge hakiwezi kukaa juu ya viti vyenye deni. Twaomba kofia ipitishwe sasa, kabla hatujatawanyika, na sisi twaanza kwa hiki tulicho nacho.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wanaotimiza vipimo, na awarudishie waliodhulumiwa haki zao. Amin.